Ufunguo wa Tatu

Wewe uliyekaa karibu na mlango, weka simu chini nikutegee kitendawili. Mlinzi wangu hana miguu. Ananing'inia kwa mkono mmoja mchana kutwa, na kinywa chake hakifunguki mpaka atiwe ulimi wa mtu mwingine. Ni nani huyo?

Fikiri vizuri. Si popo. Popo hahitaji ulimi wa kuazima. Umeshindwa? Basi nilipe mji. Usinipe Nairobi, nitaizungukaje na magoti haya? Nipe Lodwar. Haya, Lodwar nimepewa. Nimeshuka dukani kwa Kariuki, nimenunua dazani mbili za huyo mlinzi, nimerudi naye Kakuma nikamuuza. Ni kufuli.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya baada ya babu yenu Ochola kustaafu udaktari wa mifugo na kuamua kwamba dunia nzima imhudumie akiwa kitini. Meza yangu ilikuwa Kakuma mjini, upande wa barabara unaoelekea kambini. Niliuza kufuli, komeo, bawaba na misumari. Wakimbizi walikuwa wateja wazuri. Mtu aliyewahi kuacha nyumba yake wazi akikimbia hachezi na mlango.

Mwaka huo ulikuwa 2013. Wanaume wengi wa Sudan Kusini walikuwa wamerudi Juba kutafuta kazi katika nchi yao mpya, wakaacha wake na watoto Kakuma kwa sababu ya shule. Mmoja wao aliitwa Majak. Aliacha wake wawili, nyumba zao za udongo zimetazamana, mlango kwa mlango, katikati kiwanja cha hatua kama kumi na tano. Mkubwa ni Abul, mama wa watoto watatu, mwanamke mrefu ambaye akisimama kwenye meza yangu anaziba jua. Mdogo ni Anyieth, mtulivu, bado hajapata mtoto.

Abul alinunua kwangu kufuli la kwanza mwaka uliotangulia, baada ya kuibiwa redio. Alikuja mtu na gunia begani akasema ana mzigo kutoka Juba. Abul, kwa adabu ya kwao, akamkaribisha ndani, akageuka kumchotea maji. Aliporudi na kikombe hakukuwa na mtu wala redio. Tangu siku hiyo akaweka sheria: anayeleta mzigo asivuke mlango wake, hata akiwa pasta. Akaweka kufuli juu, kufuli chini, na komeo katikati. Kila asubuhi watoto walikuwa wakichelewa shule kwa kungoja mama amalize kufunga.

Mizigo ya Majak ilikuwa ikiletwa na Thiong, mwanamume wa makamo, mwenye kipara na baisikeli nyeusi. Alikuwa akiipokea kwenye kituo cha basi na kuisambaza kambini. Kwa Abul alisimama nje, akamkabidhi boksi mkononi, na Abul akalifungua hapo hapo majirani wakiona: sabuni, viatu vya watoto, siku nyingine kitenge. Kisha Thiong akavuka kiwanja na boksi la pili, akabisha kwa Anyieth.

Na Anyieth akamwingiza ndani.

"Haboba," Abul aliniambia siku moja, maana ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kiarabu chao cha Juba, "leo ameingia tena."

"Nani?"

"Thiong! Na boksi kubwa kushinda yangu. Mimi ananiachia kwa mlango kama mtu wa kuomba. Kwake anaingia, mlango inafungwa, komeo inalia kwaa! Mimi nimekaa hapo nje nachambua maharagwe, nimemaliza sufuria nzima, ndio anatoka."

"Si wewe mwenyewe ulimkataza kuvuka mlango wako?"

"Nilikataza mlango yangu. Ya Anyieth nilikataza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Unafikiri wana jambo, yeye na Thiong?"

"Thiong?" Akatema mate pembeni. "Haboba, wewe umeona kichwa ya Thiong? Hapana. Anyieth hana hiyo tabia. Mimi naogopa boksi. Nini iko ndani mpaka watu wasione?"

Ndipo akanieleza kilichomnyima raha. Majak alikuwa amepiga simu kusema amejenga Juba, nyumba ya vyumba viwili. Mmoja wao atangulie, mwingine afuate baadaye. Hakusema nani. Na Abul alijua hiyo "baadaye" ya wanaume. Kuna wanawake kambini walioambiwa baadaye watoto wakiwa wanatambaa, sasa watoto wanaota ndevu.

"Anyieth hana mtoto wa shule," akasema. "Ni kubeba nguo tu na kupanda gari. Anatumiwa vitu ya nyumba pole pole. Pazia. Vyombo. Siku moja nitaamka nione mlango yake imefungwa, na mimi nabaki hapa na kufuli zako."

"Mpigie mumeo umuulize."

"Nimempigia. Amesema, 'Abul, kila mtu apokee chake, usinisumbue kazini.'"

"Na Thiong?"

"Anasema yeye anabeba, hasemi."

Kila baada ya wiki mbili, boksi likija, Abul naye alikuja kwangu. Alikonda. Alianza kupima urefu wa boksi la Anyieth kwa macho na kunionyesha kwa mikono, mara liko hivi, mara liko hivi. Siku moja aliniambia amehesabu hatua za Thiong akivuka kiwanja: akienda kwa Anyieth anatembea pole pole, kama mtu aliyebeba mayai. "Hiyo ni glasi," akasema. "Mimi natumiwa sabuni, mwenzangu anatumiwa glasi." Viatu vya watoto alivyoletewa mwezi huo hakuwavalisha. Alivitupa chini ya kitanda. Vilikuwa vizuri, vya ngozi.

Siwezi kujifanya sikumwelewa. Ochola akiwa bado kazini Lodwar, alikuwa akienda kuchanja mifugo Lokori, mara Kaaleng, wiki mbili, tatu. Akirudi nilikuwa ninamtoa shati eti nilifue, kumbe ninalinusa. Sikupata kitu zaidi ya harufu ya mbuzi. Lakini nililinusa miaka ishirini.

Basi sikilizeni kosa langu.

Kufuli jipya huja na funguo tatu zimefungwa kwa waya. Mimi nilikuwa na desturi: waya ninaukata mbele ya mnunuzi, ninamhesabia moja, mbili, tatu kiganjani. Watu walinijua kwa hilo. Abul akasikia kwamba kufuli la Anyieth limeshika kutu. Akaniwahi.

"Atakuja kwako. Mpe mbili. Ile ya tatu nipe mimi."

"Ng'o!"

"Siibi, haboba. Naingia, naona, natoka."

"Nimekataa. Unataka nifunge meza nikauze omena?"

Akaja mara ya pili, nikakataa. Mara ya tatu hakuomba. Alikaa chini kwenye mchanga, mwanamke yule mrefu, akaweka kichwa juu ya magoti, na watu wanapita wanatusalimu, "Ejok, mama, ejok," na mimi naitikia huku nimemsimamia kama mtu aliyeangusha kitu kisichookoteka.

"Kama ni yeye anaenda, niambie sasa," akasema. "Nisingoje mlango kila siku. Kungoja inanimaliza."

Anyieth alikuja kesho yake. Alichagua kufuli dogo la shaba. Nikakata waya nikiwa nimempa mgongo. Moja, mbili.

"Zinakuja mbili tu, haboba?"

"Hizi mpya, mbili."

Akazishika, akatabasamu. "Na mtu bila ufunguo hawezi kufungua?"

"Hawezi," nikasema, na ufunguo wa tatu umelala kwenye kitenge changu, baridi kama mjusi.

Siku ya rasheni, foleni huwa ndefu mpaka mchana unapinda. Anyieth alipokwenda kupanga foleni, Abul aliniita twende wote mlangoni kwa mwenzake. Mnaweza kuniuliza nilifuata nini. Nilijiambia ninakwenda kuhakikisha hachukui kitu. Ukweli ni kwamba na mimi nilitaka kuona.

Kufuli likafunguka bila kelele. Ndani mlikuwa na giza kidogo na joto la mabati. Tukasimama mpaka macho yakazoea. Hapakuwa na pazia. Hapakuwa na glasi. Kitanda cha kamba, mtungi wa maji, sufuria mbili, magauni mawili kwenye msumari, kalenda ya kanisa, na picha ya Majak amevaa tai. Sakafu imefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana.

"Ameficha," Abul akanong'ona.

"Abul, twende."

"Ameficha, haboba!" Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akagusa boksi. Lilikuwa kubwa, limezungushiwa utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka, limeandikwa jina la Anyieth kwa kalamu nene. Akalivuta kwa nguvu zake zote kama anavuta gunia la mahindi, na boksi likaja lote mara moja. Abul akaanguka nalo kifuani.

Akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mkoma yaliyokatwakatwa. Akachimba. Majani. Akamwaga yote sakafuni. Chini kabisa, jiwe moja.

"Unaona?" akasema, pumzi inamkatika. "Hii ni ya kufungia vyombo visivunjike! Ametoa vyombo, ameacha majani! Vimepelekwa wapi?"

Mimi nilikuwa nikitazama yale majani. Mikoma imejaa hapa hapa, kando ya laga ya Tarach, ule mto mkavu.

Mara mlangoni pakawa na kivuli. Anyieth alikuwa amesimama na gunia la rasheni kichwani. Alitazama majani sakafuni. Alimtazama mke mwenzake kwenye majani. Kisha akatazama kufuli lake la shaba, linaning'inia wazi, ufunguo ndani yake, na akanitazama mimi.

"Haboba. Ulisema zinakuja mbili."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitenge, pale ufunguo ulipokuwa umelala.

Abul yeye alikuwa amekwisha kusimama. "Usimuulize mzee. Niulize mimi! Ndiyo, nimeingia. Sasa wewe niambie. Thiong anaingia humu kufanya nini?"

Anyieth akateremsha gunia polepole, akaliegemeza ukutani.

"Nakuuliza! Mimi nimekuwa mke wa Majak kabla wewe hujaota meno. Kama umeitwa Juba, sema. Sema nijue! Anakutumia nini ambayo watoto wangu hawawezi kuona? Anaingia kufanya nini, komeo imefungwa, kila mara?"

Anyieth alipiga magoti akaanza kuokota majani, akiyarudisha kwenye boksi kwa viganja viwili, moja moja yaliyobaki kwenye mistari ya ufagio. Abul akakanyaga boksi.

"Nijibu!"

"Abul, mwache," nikasema.

"Siwezi kumwacha! Miezi sita silali!" Sauti ikampasuka. "Mimi naona mtu anavuka kiwanja na boksi, ananipita. Ananipita mimi! Unajua hiyo inaumaje? Hujui. Wewe ndiye unaletewa."

Hapo Anyieth aliinua uso. Nilidhani atalia, au atamrukia. Hakufanya hata kimoja. Aliuondoa mguu wa Abul juu ya boksi kwa upole, kama unavyouondoa mguu wa mtoto aliyelala, akalikunja boksi likawa bapa, akaonyesha ukutani nyuma ya mtungi. Pale palikuwa na jingine, bapa vile vile, jina lile lile, gundi imepasuliwa na kurudishwa mara nyingi.

"Boksi ni tatu tu, moja iko kwa Thiong," akasema. "Anaingia kuacha hii na kuchukua ile. Anaikunja, anaweka ndani ya gunia yake, watu wasione ikitoka. Mimi ndio namwomba. Majani nakata mwenyewe kule laga, namwachia hapo ajaze." Akajifuta vumbi mikononi. "Tangu Majak aende hajanitumia hata sabuni, Abul. Ningepokea pale nje kama wewe, ungeona vile iko nyepesi."