Gauni Lililofumuliwa Mara Tano

Siku hizi watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, zimekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, kisha wanalalamika kwamba haziwakai. Zitawakaaje, na aliyezishona hajawahi kuwatia machoni? Mimi nimekulia kwenye chumba ambacho nguo ilianza na mtu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia na kioo kilichopasuka kona. Mama alikaa dirishani kwa sababu ya mwanga. Mimi nilikaa karibu na pasi, nikitengeneza matundu ya vifungo. Mdogo wangu, ambaye tulimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa kuwa alikuwa mdogo na hatulii mahali pamoja, alitambaa chini ya meza akiokota pini kwa sumaku.

Saa saba mchana Mama alisimamisha kazi. Tulitandaza karatasi ya kukatia juu ya meza ile ile, tukala wote watatu. Bobini alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kila baada ya matonge mawili alinyanyuka kumwigiza mteja fulani aliyekuja asubuhi, yule wa kuvuta pumzi ndani anapopimwa kiuno, na Mama alicheka mpaka anajipangusa macho kwa kipande cha bitana. Mara nyingi chakula cha Bobini kilipoa, akasahau hata kukimaliza. Nikitaka kukumbuka furaha inafananaje, naikumbuka meza ile, na naikumbuka kwa uchungu kidogo kwa sababu sikujua kwamba ina mwisho.

Mama alikuwa na sheria moja kazini: futi haina mdomo. Ukimpima mteja ukakuta kiuno kimeongezeka inchi nne tangu mwaka jana, unaandika kwenye karatasi, unaikunja, kisha unamuuliza anataka vifungo vya rangi gani. Mteja akisema nguo imembana, unamwambia kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Na ili tusije tukaumbuka, kila nguo tuliyoshona ilibaki na kitambaa cha akiba ndani ya mshono, upana wa vidole viwili, tuweze kuiachia kimyakimya. Wanawake walituamini kwa hilo. Walipita mafundi watatu njiani wakaja kwetu. Nami sheria ile niliishika kama dini.

Miaka ikaenda. Macho ya Mama yakachoka, nikahamia kiti chake cha dirishani. Bobini akapata kazi ya ukarani kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, akapanga chumba chake karibu na huko, lakini kila Jumamosi alikuja nyumbani, na siku nyingine hata saa ya mapumziko ya mchana. Nilimshonea gauni la buluu la kazini, kola ndogo, zipu mgongoni. Sijawahi kushona mshono mzuri kuliko ule.

Baada ya miezi miwili gauni lilirudi. Aliniambia zipu ina matatizo. Nikajibu ndiyo, zipu za siku hizi ni bure kabisa. Nikafumua, nikaachia mshono, nikashona upya bila neno. Miezi mitatu mbele likarudi tena, safari hii linapwaya. Bobini alikuwa anaishi kwa chai ya rangi na matango, mashavu yameingia ndani, ila anacheka, anajizungusha mbele ya kioo. Nikabana. Kisha likarudi limekaza, nikaachia. Likarudi linapwaya, nikabana. Ukinitazama ungedhani ninafanya mashindano na lile gauni, na kwamba ninashinda.

Wakati huo huo aliacha kula nasi. Mama akimpakulia, anasema ameshakula kazini, anagusa vijiko viwili, anasogeza sahani. Hadithi zake nazo zikapungua. Mimi, mwerevu wa mwisho, nikawa najisifia kwa wateja kwamba mdogo wangu ana nidhamu ya chakula ambayo wengine tungeomba kwa Mungu.

Basi kuna siku nilitoka kununua uzi nikamwacha peke yake chumbani. Sikukawia, labda robo saa. Niliporudi, mkate mzima tulioununua asubuhi haukuwepo, na kopo la jemu lilikuwa jeupe ndani. Bobini ameketi kwenye kiti changu, mikono mapajani, ametazama chini kama mtu aliyetoka kugombezwa. Nilimtania kwamba panya wa nyumba hii sasa wanajua kutumia kijiko. Alicheka, nikaona sawa, nikarudi kwenye kazi yangu.

Panya niliwatupia lawama mara ya pili pia. Kulikuwa na mama mmoja anayeshona mito, aliyekuwa akinunua kwetu gunia la vipande vya mabaki kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya kujazia. Siku moja alilirudisha gunia, akaliinamisha katikati ya chumba. Kati ya vipande vya vitambaa yalianguka makaratasi ya biskuti na mifuko ya mkate, yamekunjwa madogo madogo na kusukumwa chini kabisa. Aliuliza kwa utaratibu kama siku hizi tunamuuzia takataka. Nilimwomba radhi, nikawalaani panya. Panya anayekunja karatasi! Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, lakini sikukiona.

Ilifika siku Mama akakubali kustaafu. Tukapanga chakula cha mchana cha ukoo mzima, shangazi, wajomba na wajukuu, kumshukuru kwa miaka arobaini ya kutuvisha. Wiki tatu kabla, Bobini aliniletea gauni la buluu niliachie, na kitambaa kipya cha zambarau nimshonee gauni la siku hiyo. Nilipochukua futi alirudi nyuma hatua moja.

"Usinipime, Dada. Tumia vipimo vya miaka miwili iliyopita. Nitakuwa nimevifikia." Kisha akaongeza, kama anazungumzia mtu mwingine, "Na lisiponitosha, mwambie Mama naumwa. Siwezi kukaa mbele ya wale watu wote nikala."

Nilikubali. Hapa ndipo ninapojichukia ninaposimulia. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na ujanja wangu tayari: ningemkadiria kwa macho, nikate kwa umbo lake la kweli, na kwenye karatasi niandike namba za zamani. Angelivaa, lingemkaa, angefurahi, na mimi ningebaki fundi hodari. Fundi mwingine yeyote angemwambia haiwezekani. Sisi tu, kwa heshima yetu ile, ndio tungeweza kumdanganya mtu vizuri namna hiyo.

Alipoondoka nikaanza na la buluu. Nilifumua ubavu, nikanyoosha kitambaa kwa pasi, nikakiinua dirishani nitazame imebaki akiba kiasi gani. Haikubaki hata kidogo. Nilichokiona ni mistari ya matundu ya sindano, mmoja kando ya mwingine, na mwanga unapenya kwenye kila tundu. Nikahesabu: mitano. Mara tano kwa mwaka mmoja na nusu mwili ule ulikuwa umejazwa na kuadhibiwa, na kila mara nilikuwepo na mkasi wangu, nikiulizia vifungo. Nilikumbuka mkate, jemu, gunia, vijiko viwili mezani. Nikaweka mkasi chini.

Mchana ule alikuja muuguzi mmoja, mteja wetu wa miaka, kujaribu sare yake. Nikiwa nimeshika pini mdomoni nikamuulizia habari za mteja wangu fulani. Alinisikiliza, akaniuliza maswali. Je, anakula haraka haraka? Anakula peke yake, hata akiwa hana njaa, mpaka tumbo linamuuma? Akishamaliza anajichukia? Halafu anajinyima siku kadhaa, kisha anaangukia pale pale? Anaficha? Imekuwa hivyo kwa miezi mingi? Kila swali nililijibu ndiyo, na kila ndiyo ilinitoka kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Nikamwambia nilidhani ni ulafi tu.

"Mlafi hajifichi," akasema. "Mlafi anakula mbele yako na anaomba nyongeza. Huyo anayejificha ni mgonjwa, na ugonjwa wake una matibabu. Usimwambie ajikaze, ameshajikaza sana. Usimtajie uzito. Muulize moyo wake ukoje." Alivua sare, akanipa, akaniambia zahanati ya nyuma ya posta ina mshauri kila Jumatatu. Mlangoni akageuka akasema nimsalimie huyo mteja, na nimwambie anapendwa na dada yake.

Jumamosi Mama alikwenda kupimwa macho. Bobini akaja saa saba kasoro, akauliza kama gauni la zambarau limekatwa. Nikamwambia bado. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea, nikapiga moyo konde nikasema yaliyobaki.

"Makaratasi ya biskuti niliyakuta kwenye gunia, nikasingizia panya. Sasa najua si panya. Mdogo wangu, ukiwa peke yako na chakula, huwa unajisikiaje?"

Uso wake ulibadilika. Alichukua mkoba wake, akaniambia kwa sauti kavu kwamba hakujua kumbe siku zote nilikuwa namchunguza, namhesabia. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, na nilijua wazi kwamba akitoka vile hatarudi Jumamosi ijayo wala ile ya pili. Angepotea tukiwa tunamtazama.

"Sikukuhesabia," nikasema. "Ningekuhesabia ningejua mapema. Niliachia tu mishono."

Sijui ni nini kilichomsimamisha. Aliachia kitasa, bado amenipa mgongo. Kisha akazungumza na mlango.

"Nikianza siwezi kuacha, Dada. Hata utamu siusikii. Ni kama mikono si yangu. Nikimaliza naapa kesho sili kitu, na kesho yake kweli sili, na kesho kutwa narudi dukani, nanunua huku namwambia muuzaji nina wageni." Akavuta pumzi. "Nilidhani ni tabia mbaya tu. Nilidhani mkijua mtanicheka."

Nililia. Sikulia kwa ajili yake peke yake. Nililia kwa sababu aliyekuwa akituchekesha sote alikuwa amekaa miaka miwili akiogopa kuchekwa, na mtani wake mkubwa nilikuwa mimi. Nikamwomba msamaha kwa panya wa kijiko. Alikumbuka, na midomo yake ikacheza kidogo, nusu ya tabasamu.

Watu wanapenda niwaambie kwamba tulikwenda kwa mshauri akapona. Mambo hayaendi hivyo. Ilichukua miaka, na kulikuwa na miezi alipoteleza akanipigia simu katikati ya kazi kuniambia tu kwamba ameteleza. Mama tulimwambia wiki ile ile; akamwomba Bobini aje kukaa karibu naye, na mpaka leo sijui walinong'onezana nini. Gauni la zambarau sikulishona. Siku ya sherehe alivaa sketi na blauzi aliyoichagua mwenyewe, alikuja kwa kuchelewa, akaketi karibu na mlango. Sikuitazama sahani yake. Sasa Mama hayupo, kile chumba wamepanga watu wanaotengeneza simu, na nikipita pale naweza bado kusikia cherehani tatu zikishindana.

Lakini ile Jumatatu ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Tulikwenda kwa miguu. Alisimama mara mbili njiani akitaka turudi, mara ya pili akakaa kabisa kwenye ngazi za posta. Alinisihi nimsemee mimi, maana yeye akifungua mdomo atasema anaumwa kichwa tu. Nikamwahidi. Njia nzima nikawa narudiarudia moyoni maneno ya muuguzi, nisikosee.

Pale zahanati kulikuwa na foleni fupi na dirisha la kioo. Karani alikuwa ameinama juu ya daftari, kalamu mkononi, na zamu yetu ilipofika hakuinua hata kichwa.

"Mgonjwa nani?"

Nilifungua mdomo. Bobini akanigusa mkono, taratibu, akanisogeza pembeni na kusimama mbele ya kioo.

"Mimi," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

Karani akaandika. Mimi nikaenda kwenye benchi kumngoja.