Pedi ya Tuu

Kahiga alipovunjika paja, daktari alimfunga mguu kwa kamba yenye uzito na kumwambia alale vivyo hivyo mpaka mfupa ushike. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la viazi kule Dundori, Januari ya mwaka 2008. Ilikuwa ajali tu, lakini mwezi ule wa ghasia za uchaguzi, Nakuru hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kuumia kwa ajali, na kila aliyepita kando ya kitanda aliuliza ni nani aliyemfanyia. Kaka yangu akachoka kujibu. Baadaye akaacha kuongea kabisa. Machi ilipofika, nilikuwa nikimpelekea uji na kurudi nyumbani bila kusikia sauti yake.

Mimi nilikuwa na digrii ya uhandisi wa umeme na sikuwa na kazi. Kila ofisi niliyoiandikia iliniambia ningoje nchi itulie. Nikaona basi nitengeneze kitu kimoja kitakachomfaa mtu mmoja. Nyumbani kwetu Free Area tulikuwa na gemu ya zamani ya TV, ile ya kaseti na pedi mbili za kuchezea, ambayo Kahiga na jirani yetu Kiplangat waliinunua kwa kuchanga walipokuwa shule ya msingi. Waliicheza mpaka wakaota ndevu. Wodini hakukuwa na TV. Ningeigeuza iwe mashine ya kushika mkononi, yenye skrini na betri zake, Kahiga acheze akiwa amelala chali. Niliamini kwamba akicheza atacheka, na akicheka ataongea.

Umesh, anayeuza redio za magari mjini, alinipa skrini ndogo iliyotolewa kwenye gari lililogongwa.

"Injinia mzima unatengeneza mchezo ya watoto?"

"Ni ya mgonjwa, Umesh."

"Basi chukua. Lakini hii skrini inakula stima kama mtu wa mjengo anakula chapati. Usikuje kulia hapa."

Nilienda kulia pale. Nikiwasha skrini, gemu inazima. Nikiwasha gemu, picha inafifia kama mtu anayesinzia. Nilipoongeza betri, kidude cha kupunguza umeme kilipata moto kikayeyusha sanduku la plastiki la chakula ambalo nilitaka liwe mwili wa mashine. Nikatafuta sanduku lingine. Nikiwa katikati ya kushikiza waya, stima ya mtaa mzima ikapotea, na chuma cha kulehemu kikapoa mkononi mwangu. Chuoni tulifundishwa hesabu za saketi kana kwamba stima haipotei. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeungua vidole, nikajiuliza kama ningeweza kumsaidia mtu yeyote katika nchi hii ikiwa sanduku moja linanishinda.

Hatimaye kila kitu kikafanya kazi, isipokuwa kifuniko hakikufunga. Bodi ya saketi ilizidi ukingo, upande ule pedi ya pili inapochomekwa. Vitufe vya pedi ya kwanza nilikuwa nimeshavipachika juu ya sanduku. Mashine ya mkononi huchezwa na mtu mmoja, nikawaza, hivyo ya pili ni ya nini? Nikachukua msumeno wa chuma nikakata upande ule. Kifuniko kikafunga vizuri, nami nikajivunia sana.

Siku iliyofuata nilimwekea Kahiga mashine kifuani na kuiwasha. Muziki mwembamba ukaanza. Mzee Ogola, wa kitanda cha pili, akafumbua jicho moja.

"Hiyo ni simu ama ni redio?"

"Ni gemu, mzee."

"Na sisi tutalala saa ngapi?"

Kahiga hakubonyeza chochote. Aliigeuza, akapitisha kidole ukingoni, akaigeuza tena.

"Pedi ya pili inaingia wapi?"

Nilifurahi mno kusikia sauti yake hata sikusikiliza swali. "Haiingii. Nilikata huo upande. Sanduku lilikataa kufunga."

"Umemkata Tuu?"

Mzee Ogola akajiinua kwa viwiko. "Nani amekatwa? Wapi? Hapa Nakuru?"

Mama mmoja aliyekuwa akimlisha mumewe akashikilia kijiko hewani.

"Hakuna mtu, mzee! Ni waya!"

"Waya inaitwa Tuu?"

Hakuna aliyecheka. Tangu utotoni, mwenye pedi ya kwanza alikuwa Wani na mwenye pedi ya pili alikuwa Tuu. Wani ni Kahiga, Tuu ni Kiplangat. Hata mamake Kiplangat alimwita hivyo akimwitia chakula. Nilikua nikilisikia jina hilo kila siku, na nilipoushika msumeno sikulikumbuka.

Lakini nilikasirika pia. Wiki ile nyumba za watu wa kabila lao zilipoanza kuchomwa mtaani kwetu, Kiplangat na mamake walihamia Ravine kwa mjomba wake. Hakupiga simu, na Kahiga hakupiga.

"Nimeungua vidole kwa sababu yako," nikasema, "na wewe unauliza mtu ambaye hata hakuaga?"

"Angeaga aje, Wanjugu? Asimame kwa gate aseme kwaheri, na vile watu walikuwa?"

Akanirudishia mashine. Mguu haukumruhusu kunipa mgongo, kwa hiyo akageuza uso tu.

Nyumbani nikatoboa shimo ubavuni mwa sanduku, nikaanza kurudisha nilichokuwa nimekata. Bodi ilikuwa imechanika vibaya. Na ile pedi ya pili, Kiplangat aliwahi kuitengeneza mwenyewe kwa nyaya alizookota, rangi hazikufuata utaratibu wowote. Nikachukua mita nipime kila waya. Ilikuwa kazi ndogo. Nikaitazama ile mita, kisha nikaiweka chini.

"Siunganishi," nikamwambia Kahiga kesho yake, nikimrudishia mashine. "Sijui rangi za Kiplangat."

"Si wewe ni injinia? Pima."

"Naweza kupima. Sitaki. Muulize mwenyewe."

Akanyoosha mkono nimpe simu. Mara ya kwanza ikasema mteja hapatikani. Akatukana, akapiga tena. Ikaita.

"Niaje," akasema Kahiga.

"Poa." Sauti ya Kiplangat niliisikia kutoka pale nilipokaa.

"Wanjugu anauliza nyaya za pedi yako. Inaleta stima ni gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi? Nani huweka stima kwa nyeusi?"

"Nyekundu iliisha!"

"Wewe ni fala, Tuu."

"Fala ni yule aliitupa kwa ukuta akishindwa. Ama umesahau?"

Kahiga akapandisha sauti, akidai hakushindwa, kwamba siku ile stima ilipotea. Nesi akaja akamwambia hapa si uwanjani. Akamwitikia kwa kichwa na kuendelea kubishana kwa kunong'ona. Ndipo Kiplangat akasema kitu ambacho sikukisikia, na Kahiga akaacha kutabasamu.

"Anataka kukuja aiunganishe mwenyewe," akaniambia, mkono juu ya simu. "Anauliza barabara iko aje."

Nilitaka kusema iko sawa. Viongozi walikuwa wameshapeana mikono, magazeti yote yalisema hivyo. Lakini uwanja wa maonyesho ulikuwa bado umejaa mahema ya waliokimbia makwao, na mtaani kwetu mlango wa kina Kiplangat ulikuwa umeandikwa jina la mtu mwingine.

"Sijui," nikasema.

"Hatujui," Kahiga akamwambia. "Usikuje bado. Nitakuambia."

Alipokata simu, nikamwomba aniruhusu nimalize. Rangi ya kwanza nilikuwa nayo, zilizobaki ningezipata kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyokaribia kuikamilisha mwaka ule.

"Wacha ikae hivyo," akasema. "Ataifanya yeye."

"Na asipokuja?"

Nikamwonyesha kwamba angeweza kucheza peke yake hata sasa, ni kubonyeza tu.

"Najua," akasema, na hakubonyeza. Akaisukuma chini ya mto ikiwa na shimo lake ubavuni, kisha akamgeukia Mzee Ogola, akaanza kumweleza Tuu ni nani.