Ndege ya Temeke Iliyoona Haya

Vumbi la Temeke, wewe usiye na makuu, unayelala chali jua likakuwakia, unayekanyagwa na baiskeli, na mbuzi, na wanaume wanaowahi Kurasini kupakua meli, leo nataka kukusafisha jina. Ulisingiziwa. Na aliyekusingizia hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana kesi yako ilikuwa ngumu.

Jina lake Audax, Mhaya wa Bukoba, mrefu na mkavu, fundi wa umeme wa winchi za bandarini. Alfajiri alikupita akienda kazini, jioni alikupita akirudi, lakini jioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikunja kushoto, akashika njia ya uwanja wa mchanga ulioachwa na wanajeshi baada ya vita, akafungua banda la mabati, na humo ndani akawa anajenga ndege.

Ndiyo, ndege, na wewe ni shahidi. Mbavu zake alizichonga Fakihi, seremala wa Masasi, kwa mbao nyepesi za masanduku ya ng'ambo. Ngozi yake ni kitani, alichokishona Felicitas, mke wa Audax na mama wa binti yao Avelina, goti chini, sindano juu, mpaka mabawa yakawa yamekazika kama ngoma. Injini, mota na magurudumu vilitoka kwenye mnada wa vyuma chakavu vya jeshi. Na kuruka kwenyewe Audax alifundishwa na Mgiriki mmoja mwenye shamba la katani na ndege yake kule Morogoro, aliyekuwa akimpandisha angani kama fundi wake na kumteremsha kama rubani, hata akapata leseni yake halali.

Temeke ilicheka. Ilicheka msimu hata msimu. Na Audax aliendelea na kazi, kwa sababu hakuwa akijenga kwa ajili ya Temeke.

Felicitas alikuwa na mama Bukoba, na macho ya mama yalikuwa yakififia. Kila aliyetoka huko alileta habari ileile: anauliza mwanangu yuko wapi, nimwone kabla giza halijaingia. Lakini kutoka Dar es Salaam mpaka kule ni garimoshi, kisha meli ya ziwani, kisha basi, na huo ni mwendo wa watu wenye likizo ndefu na nauli nono. Audax alimshika mkewe mkono, akamwahidi kwamba atamfikisha kwa siku moja, na kwamba mama atamwona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ndege. Haikuwa na nyingine.

Kunja. Kunjua. Hayo ndiyo maneno mawili ndege hiyo ilitakiwa kuyajua. Ikishapaa ikunje miguu yake yenye magurudumu, ikitaka kutua iikunjue. Miguu ikining'inia, upepo huing'ang'ania ndege kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni, na mafuta yangeishia porini, Tabora, pa kujazia mengine, haijaonekana.

Na kati ya kidole cha rubani na mota inayoikunja miguu kulikaa visanduku viwili ambavyo mafundi huviita rilei, kimoja cha kukunja na kimoja cha kukunjua. Bonyeza swichi: umeme mdogo unaingia, sumaku inaamka, inavuta ulimi wa chuma, ulimi unagusa mdomo wa shaba, tak, na umeme mkubwa unapita kwenda kwenye mota. Rilei ni bawabu. Akigoma kufungua, mota haisikii lolote, hata betri iwe na nguvu za kuwasha mji.

Audax aliwapenda mabawabu wake. Wakati wa joto kali, Bi Mwajabu, Mzaramo aliyewapangisha chumba, alimwonyesha kitasa cha mlango wake kinavyong'aa ilhali vitasa vya jirani vimeliwa na kutu. Akamwambia kwamba chumvi ya pwani hula chuma usiku na mchana, na dawa yake ni kupaka mafuta ya nazi. Kwao Bukoba watu hupaka samli, na hilo la nazi lilimfurahisha Audax kama mgeni anayefurahia kila anachofundishwa. Akaenda nayo bandani. Akapaka bawaba, akapaka kebo, na mwisho, kwa upendo mtupu, akapaka rilei zake, ulimi na mdomo. Zikang'aa. Akaipandisha ndege juu ya magogo, akabonyeza. Kunja, tak, miguu ikapanda. Kunjua, tak, miguu ikashuka. Fakihi akacheza kidogo hapohapo.

Kisha kipupwe kikaingia, na asubuhi moja ya baridi akaja afisa wa usafiri wa anga, Mwingereza mpole wa makamo, kuikagua ndege na kuamua kama itapewa kibali. Audax aliomba ruhusa kazini siku hiyo. Alivaa shati jeupe. Akabonyeza.

Tak, lakini tak ya mgonjwa. Mota kimya. Akabonyeza tena, na tena, jasho likamtoka kwenye baridi ile, na miguu ya ndege ikakaa palepale, imenyooka, imetulia, kana kwamba haikuitwa. Afisa hakugomba. Alisema atarudi mara moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, asubuhi kama leo, na miguu ikigoma tena, hawezi kuweka jina lake kwenye chombo kinachokunja miguu kikijisikia. Hapo ndege itafunguliwa vipande na uwanja utafungwa.

Jioni ileile Audax akabonyeza peke yake. Tak. Miguu ikapanda, laini, bila kinyongo.

Ee vumbi, hapo ndipo ulipokamatwa. Nani mwingine angeshukiwa? Wewe uko kwenye ugali, uko kwenye nywele, uko kwenye kitabu cha sala. Audax akasema umeingia kwenye rilei. Akakumwagia maji kila jioni ulale. Akakupangusa kwa kitambaa kibichi, akamwomba Felicitas ashone mfuko wa kitani wa kuvifunika visanduku, na Felicitas akaushona vizuri, kwa uzi maradufu, kukufungia wewe nje, wewe usiye na kosa.

Hakuishia kwako. Alichukua taa ndogo yenye nyaya mbili, akaanza kwenye betri, akafuata njia ya umeme kiungo kwa kiungo, kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Betri, upo? Taa ikawaka. Fyuzi, upo? Ikawaka. Swichi, upo? Ikawaka. Rilei, upo? Ikawaka na tak ikalia, ya mtu mzima mwenye afya. Akafungua kisanduku akatazama midomo ya shaba, ikamtazama naye, inang'aa vizuri kabisa. Akaisifu kwa kung'aa. Akafunga.

Alibadili nyaya zote za zamani. Alibadili brashi za mota. Kila jioni ndege ilitii, na kila jioni Audax alikwenda nyumbani akiwa mnyonge kuliko jana, kwa sababu ugonjwa usiojitokeza hautibiki. Fakihi alijaribu kumchekesha, akasema ndege yake ina haya kama mwali, haiwezi kukunja miguu mbele ya wageni. Mzaha huo ukavuka uwanja kabla ya Fakihi kufunga mdomo, na siku ya pili wachuuzi wa samaki walimuuliza Audax kama ndege ameshaifunda.

Wala hakuna aliyeuona mtego ulipokuwa. Alfajiri Audax alikuwa njiani kwenda bandarini. Jumapili asubuhi alikuwa misani, maana mtoto wa misheni ya Bukoba hakosi misa kwa sababu ya rilei. Alifika bandani mabati yakiwa yameshachemka. Ndege ilimjua yeye na joto. Yeye na ubaridi wa asubuhi walikutana humo siku moja tu, na siku hiyo alikuwapo afisa.

Nikwambie ukweli, vumbi, aliumia. Aliacha kula vizuri. Felicitas hakumlaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ijumaa usiku walilala mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimwazia mama yuleyule.

Jumamosi ikaja na baridi yake. Felicitas aliamka mapema ajitengeneze, maana alisema ndege ikishinda au ikishindwa yeye atasimama pale amependeza. Akafumua nywele. Akachukua chupa ya mafuta ya nazi, akaiinamisha kiganjani, akasubiri. Hakikutoka kitu.

"Baba Avelina, hebu niwekee chupa hii karibu na jiko. Mafuta yameganda tena."

Audax aliipokea bila kufikiri. Akaiona. Ndani ilikuwa nyeupe, ngumu, kama mshumaa.

"Yanagandaga?"

"Kila asubuhi tangu baridi ianze. Mie nilidhani unajua, unavyoyapenda."

"Na jioni?"

"Jioni si maji tu."

Aliiweka chupa karibu na makaa, akachuchumaa akaitazama. Weupe ule ulianza kuachia pembeni, ukawa maji, ukawa kioo, ukang'aa. Ukang'aa vilevile alivyozoea kuusifu. Felicitas akamwona mumewe ameweka mikono kichwani anacheka, anacheka na machozi yanamtoka, na kwa muda akadhani uchungu umemzidi.

"Si vumbi," alisema. "Mama Avelina, si vumbi. Ni mimi."

Felicitas hakumaliza nywele zake. Alipanda nyuma ya baiskeli hivyohivyo, upande mmoja umechanwa na upande mmoja umesimama, na Audax akakanyaga pedali kama mwenye moto mgongoni. Bi Mwajabu, aliyekuwa akifagia, aliachwa na shikamoo mkononi.

Bandani walimkuta Fakihi. Audax alifungua visanduku, na safari hii, kwenye ubaridi, waliona wote watatu: juu ya kila mdomo wa shaba utando mweupe, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Ulimi uligusa mafuta, haukugusa shaba. Tak ililia, lakini umeme haukupata njia.

Kwa mbali ikasikika gari ya afisa. Audax alichovya kipande cha kitani kwenye petroli, akachovya cha pili, akampa mkewe.

"Mie nasafisha ya kukunja. Ya kukunjua safisha wewe."

Felicitas alielewa. Ya kukunja ni ya kuondokea. Ya kukunjua ndiyo ya kurudia. Alisugua kwa vidole vile vilivyoshona mabawa, ulimi, mdomo, pembe zote, akakausha, akasugua tena, na hakunyanyua kichwa afisa aliposalimu.

Audax hakumficha afisa kitu. Alimweleza yote, nazi, baridi, na kosa lake mwenyewe, na afisa alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa heshima, akaomba kuona. Kunja. Tak, nzito, ya afya. Miguu ikapanda. Kunjua. Tak. Ikashuka. Afisa akataka tena, akataka tena, na kila alipotaka alipewa. Kisha akaonyesha juu: sasa zunguka uwanja, uje utue.

Ndege ikakimbia juu yako, vumbi, ikakuacha. Miguu ikakunjika tumboni, safi kabisa, na wachuuzi wa samaki wakashusha matenga yao. Fakihi alilia waziwazi. Lakini Felicitas alikuwa akiwaza kitu kimoja: huko juu ni baridi kuliko huku. Kama limebaki tone, hata tone moja kwenye pembe, huko litaganda, na aliyeliacha ni yeye.

Ndege ikageuka upande wa bahari, ikarudi, ikashuka na tumbo tupu, miguu ingali imekunjwa. Felicitas akaviminya vidole vyake vinavyonuka petroli. Kunjua, alisema kwa sauti ya chini. Kunjua, baba. Kunjua.

Na miguu ikatoka. Ikatoka yote miwili pamoja, bila pupa, ikajifunga mahali pake, na Temeke, Temeke ileile iliyocheka, ikapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Nawe ukainuka. Magurudumu yalipokugusa uliruka juu, vumbi, uliyelala miaka yote, ukasimama mrefu kupita minazi, ukawaka jua la asubuhi, dhahabu tupu, ukaushuka uwanja mzima pamoja na ndege ukishangilia. Ukamfunika Felicitas, ukamkaa kwenye nywele nusu zilizochanwa, kwenye kope, kwenye mabega. Hakukupangusa. Audax alipotoka alikuja kwake kwanza, akamshika mikono ile miwili mbele ya watu wote, na afisa akageuka kando akijifanya anatafuta kalamu.

Kibali kilipotoka waliondoka alfajiri, rilei zikiwa kavu, chupa ya mafuta ya nazi ikiwa mahali pake, kwenye mfuko wa mwanamke. Tabora wakajaza mafuta. Jua halijazama wakaliona ziwa, na migomba, na uwanja, na miguu ikakunjuka kama ilivyofundishwa.

Mama alikuwa ameketi nje kwenye mkeka. Felicitas alipiga magoti mbele yake. Bibi kizee akasogeza uso, karibu, karibu zaidi, akamkagua mwanaye taratibu kutoka paji la uso mpaka shingoni, kisha akanyoosha mkono kwenye bega lake, akapangusa.

"Mwanangu," alisema, "una vumbi."

Ulikuwa wewe, vumbi la Temeke. Na alikuona.