Kidoti cha Ukurasa wa Mwisho

Mwanamke wa ukurasa wa mwisho alikuwa na kidoti cheusi juu ya mdomo, upande wa kushoto. Mimi sina kidoti. Mimi nina chupa za rangi, brashi saba, na mume anayechora kwa penseli kisha huniachia nipake. Ndivyo tunavyotengeneza vitabu vya watoto: mistari yake, rangi zangu.

Hiki kilikuwa cha kuwafunza wadogo kushukuru. Katika kila ukurasa mtoto anamwambia mtu asante: mwoka mikate, fundi cherehani, daktari. Wa mwisho ni mama, anampa mtoto kikombe cha maziwa. Na mama yule nilimtambua hata kabla sijakaa vizuri kitini. Picha yake iko sebuleni, na binti wa mume wangu huigusa kwa kidole kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

"Umemchora marehemu," nilimwambia mume wangu.

Aliitazama karatasi kana kwamba imechorwa na mtu mwingine. "Sikukusudia, mke wangu. Mkono umezoea tu."

Mkono umezoea! Miaka mitatu namsuka nywele mtoto yule, namkanda kwa kitambaa homa ikipanda, na bado naitwa mama mdogo. Sasa hata asante ya kwenye karatasi inampita aliye jikoni na kumwendea aliye ukutani. Nilimwonea wivu mtu asiyeweza kunijibu. Nilijua ni aibu, na kujua hakukunisaidia kitu.

Mume wangu alipotoka kununua karatasi, nilichanganya rangi ya ngozi, nikakifunika kile kidoti kwa mpako mmoja. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Labda kwa dakika tano.

Mtoto akarudi. Begi likiwa bado mgongoni, alikuja kusimama mezani.

"Huyu nani, mama mdogo?"

"Mama," nilisema.

Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Mama ana kidoti."

Mtoto hakulia; angelia ningejua la kufanya. Aliendelea kutazama, kisha akauelekezea kidole mkono ulioshika kikombe.

"Lakini mkono ni wako. Ona kidole."

Kidole changu cha mwisho kimepinda tangu kilipobanwa na mlango. Cha kwenye picha kilikuwa kimepinda vilevile. Niliinuka nikaziendea kurasa tulizokuwa tumezianika kwenye kamba. Mwoka mikate alikuwa na kidole kilichopinda. Fundi cherehani pia. Daktari pia. Kila aliyekuwa akitoa kitu alikitoa kwa mkono wangu, na mikono hiyo niliipaka rangi mimi mwenyewe, wiki tatu nzima, nikiangalia tu nisivuke mstari.

Nilirudi kuketi. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote, nikaichovya kwenye rangi nyeusi.

"Kilikuwa upande gani?" nilimuuliza, ingawa kidoti kile nilikijua kuliko ninavyoujua uso wangu.

Karatasi hakuigusa, maana rangi ilikuwa bado mbichi. Aliweka kidole chake juu ya mdomo wangu, kushoto.

"Hapa," alisema, na hakukiondoa.