Gogo Alilotuachia Dada

Siku tuliyomzika dada yangu, mumewe aliingia kwenye banda lake la maua ya okidi akiwa bado na udongo wa makaburini viatuni. Hakuja kulia. Alikuja kuchagua za kuuza.

Dada alikuwa amechanganya okidi za aina mbili, akapata chotara mzuri wa kutazama lakini tasa kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi. Kromosomu za upande wa baba hazikupata wenza upande wa mama, basi mbegu hazikushika. Akaloweka miche michanga katika kolchisini, sumu inayoifanya seli irudufishe kromosomu zake bila kugawanyika, ili kila moja ipate pacha wake. Miche mingi ilikufa. Mmoja ulikubali: mfupi, majani manene kama soli. Ulichanua wiki aliyolazwa. Alitaka kujua jambo moja tu, kama utashika mbegu. Alikufa kabla ya kujua.

"Hili gogo ndilo lililomnyima mke wangu usingizi?" shemeji aliuliza, akilisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Ndilo lililorudufishwa."

"Kumbe! Maradufu!" Akanyakua chupa ya kolchisini rafuni. Miaka yote ameishi na yule mwanamke, ameokota neno moja, na hilo nalo amelishika kichwa chini miguu juu.

"Shemeji, hiyo si mbolea."

"Maradufu ni maradufu. Ua moja, mawili. Hesabu ya chekechea hiyo."

"Basi jipake kichwani, huenda ikasaidia."

Hakunisikia, sikio lake liko mfukoni. Akapaka machipukizi ya kila chungu chenye maua mengi, tena kwa brashi ya viatu. Gogo alilipita. Lilikuwa na ua moja, akaona halistahili dawa.

"Hilo nipe mimi," nikasema.

"Beba takataka yako."

Machipukizi yake yalivimba, yakapinda, yakaoza. Wateja aliwaambia ni kijicho changu. Mjinga hajibiwi, huachiwa uwanja.

Nyumbani nililichavusha lile ua kwa njiti ya kiberiti, kwa chavua yake yenyewe, kama dada alivyonifundisha. Kama lisingeshika, kazi yake yote ingekuwa imezikwa naye. Ua likanyauka. Nyuma yake, kikonyo kikaanza kunenepa.

Sasa tunda la mbegu limefikia ukubwa wa kidole gumba, na bado linahitaji miezi kukomaa. Gogo ninalimwagilia kila asubuhi.