Mbao Nne Juu ya Shimo

Mama Vigae alianza kuisoma makala ile akiwa amesimama, na alipofika ukurasa wa tatu ikabidi akae. Si kwamba alichoka. Ni hasira.

Miaka kumi na moja ya maisha yake ilikuwa imekwenda kwa ukuta mmoja. Ulikuwa ukuta wa chumba cha mawe kilichofukuliwa kwenye kilima nyuma ya chuo, wenye mistari sita ya lugha ambayo haina tena msemaji hata mmoja aliye hai. Aliusoma kwa kioo cha kukuzia na brashi laini, herufi moja baada ya nyingine, mpaka miwani yake ikabadilishwa mara nne na shingo ikazoea kukaa upande. Mstari wa nne ndio uliomtoa machozi siku alipoupata: "Uingiaye, vua viatu, funga kinywa. Wagonjwa wamelala." Watu wa kale, na walikuwa na wodi! Na sasa makala hii, yenye jina lake likiwa la pili, chini ya jina la Profesa, ilisema kwamba mstari wa nne unasomeka hivi: "Uingiaye, paza sauti. Miungu inasikiliza."

"Huyu mtu hana haya," alisema, ingawa ofisini hakukuwa na wa kumsikia ila makabati ya vigae vya udongo, vilevile vilivyompa jina.

Profesa alikuwa mkuu wa maabara ya sauti. Wanafunzi walimwita Profesa Puto, kwa siri, kwa sababu alipima vyumba kwa kupasua maputo: puto linapasuka, kinasa sauti kinanasa, kisha kompyuta inachora jinsi mlio ulivyozunguka kutani mpaka ukafa. Ni kazi ya haki kabisa, na Mama Vigae hakuwa na ugomvi na maputo. Alipanda ngazi mbili mbili, pamoja na umri wake wote, akaingia ofisini kwa Profesa bila kubisha.

"Nani amebadilisha mstari wa nne?"

"Karibu, Mama. Keti kwanza. Chai?"

"Sikuja kunywa chai."

Profesa akaweka kalamu chini taratibu, kama daktari anayejiandaa kutoa majibu. "Chumba kile kinavuma, Mama. Tumepima. Ukipasua puto pale, unabaki mvumo mzito zaidi ya sekunde mbili. Nani atajenga chumba kinachovuma hivyo halafu alaze wagonjwa ndani? Kile kilikuwa chumba cha kuimbia. Na maandishi yamemomonyoka, wewe mwenyewe umewahi kusema."

"Zilizomomonyoka ni herufi mbili, tena za mstari wa sita!"

"Basi tusikosane kwa ajili ya mstari mmoja. Kesho wageni wanakuja kukiona chumba, na mhariri wa jarida yumo. Jina lako ni la pili pale juu. Unajua ni wangapi wanalitamani jina la pili?"

"Litoe."

"Limeshachapwa," alisema Profesa, akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomkera kuliko yote. Kutukanwa ni afadhali. Mtu akikutukana, walau amekubali kwamba upo.

Nyumbani alimkuta binti wa mdogo wake jikoni anakatakata vitunguu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa fundi wa vipimo katika maabara ileile ya Profesa. Mkataba wake ulitiwa saini kila mwaka, na wa mwaka huu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

"Hebu niambie, mwanangu. Chumba kile kinavuma kweli?"

"Kinavuma, mama mkubwa."

"Mbona mimi nimekaa mle miaka kumi na moja sijakisikia? Nimekohoa mle, nimepiga chafya, nimeangusha ngazi nzima ya bati!"

"Mama mkubwa hupasui maputo," alijibu Fundi, bila kuinua macho. Akaendelea kukata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika. Mama Vigae alimtazama kidogo, akaona mabega yamepanda juu, akaamua kumwacha.

Kesho yake wageni kama ishirini walipanda kilimani. Mama Vigae alivua viatu mlangoni, kama alivyofanya siku zote, kwa kuwa soli hukwaruza sakafu ya mawe. Watu wa maabara hawakuwa na desturi hiyo. Wao desturi yao ilikuwa nyingine: siku za vipimo walifukuza kila mtu, kwa sababu miili na nguo humeza sauti. Ndiyo maana, kwa miaka yote hiyo, Mama Vigae hakuwahi kuona hata mara moja jinsi wanavyopima.

Katikati ya chumba palikuwa na zulia la kijivu, na juu yake stendi za vinasa sauti. Profesa aliwapanga wageni kando ya mlango, Mama Vigae akajibanza karibu na zulia, mguu mmoja juu yake. Fundi akainua puto jekundu, akalichoma sindano.

Mlio ukapasuka, na nyuma yake ukaja mvumo mnene. Wageni wakapiga makofi. Mama Vigae hakupiga. Mvumo ule ulikuwa umempanda kwenye unyayo, tena unyayo mmoja tu, ule uliokuwa juu ya zulia. Alipousogeza kidogo, ukakutana na kitu kilichobonyea. Mbao.

Hapo ndipo alipolikumbuka shimo. Chumba kile kina shimo katikati, upana wa meza ya kulia, limejaa majivu na pumba za kale hadi magotini. Watu hawa walikuwa wamelifunika kwa mbao ili stendi zao zisimame sawa, kisha wakapima mvumo wa mbao zao wenyewe, zilizogeuka ngoma juu ya shimo! Na kwa ajili ya mbao, mstari wake ukafutwa.

Akafungua kinywa, macho yake yakakutana na ya Fundi. Ya Fundi yalikuwa yamejaa machozi. Mama Vigae akawaza mkataba, akawaza wale watoto wawili, akazimeza hasira zake, chungu kama zilivyo.

"Kabla wageni hawajaondoka," alisema, "naomba nao ukuta usomwe." Akausoma mstari wa nne jinsi ulivyoandikwa.

"Mbona kwenye makala si hivyo?" akauliza mhariri.

Profesa akacheka kwa upole. "Mama yetu amechoka. Miaka mingi na vigae, mnajua tena. Mambo ya sauti tuachieni sisi."

Wageni wawili watatu wakacheka naye. Fundi hakucheka. Aliziondoa stendi moja moja, akalikunja zulia, akainama na kung'oa ubao wa kwanza.

"Unafanya nini?" Profesa aliuliza.

"Napima upya." Ubao wa pili ukatoka, na wa tatu. "Siku ya kwanza niliandika kwenye daftari la vipimo: mbao nne juu ya shimo, ziondolewe kabla ya kipimo cha mwisho. Tulisahau, Profesa, wote wawili. Mwezi uliopita nikakukumbusha, ukaichana ile karatasi ya daftari mbele yangu. Nami nikanyamaza."

"Mwanangu, mkataba wako," Mama Vigae alinong'ona.

"Unaisha mwezi huu, mama mkubwa. Acha uishe."

Ubao wa nne ukalala kando. Shimo likabaki wazi, na majivu yake ya kijivu. Fundi akainua puto jingine, akalichoma.

Pap. Basi. Mlio ulikufa palepale, umemezwa na majivu, kama kiatu kilichoangukia godoro. Mtu aliyelala pembeni mwa chumba kile asingegeuka hata ubavu. Wageni walisikiliza wakingoja mvumo, na mvumo haukuja, nao wakaendelea kusikiliza, ishirini wote.

"Jamani," Profesa akaanza, "hili ni jambo la kitaalamu, linahitaji..."

Mama Vigae akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Funga kinywa," akasoma. "Wagonjwa wamelala."

Kisha akarudisha kidole nyuma kidogo, kwenye maneno yaliyotangulia.

"Na viatu, Profesa."

Hakuna aliyecheka. Mhariri alikuwa wa kwanza kuinama kufungua kamba zake, kisha mgeni mmoja, kisha mwingine, mpaka akabaki Profesa peke yake amesimama na viatu miguuni.