Plasta ya Mjomba Abilahi

Kabla kifundo cha mguu hakijamgeuka, Zuhura wa Somanga alikuwa na shabaha ya mpira wa pete ambayo kunguru wenyewe waliiheshimu: hawakutua kwenye goli mpaka aondoke uwanjani. Mwaka jana akatua vibaya, kifundo kikavimba kama papai lililovishwa kiatu. Kilipona, lakini hofu haikupona.

Ndiyo maana siku ya mechi na Miteja alimkubalia mjomba wake, Abilahi, amfunge plasta vifundo vya miguu yote miwili, visigeuke tena. Abilahi alistaafu kazi ya kufunga magunia kwenye ghala la korosho, na gunia alilolifunga yeye halikumwaga punje. Lipo lililoanguka baharini, likaokotwa kisiwani Mafia likiwa kavu ndani; asiyeamini aende akaulize. Akamlaza mpwa wake mkekani, nyayo zikiwa zimelegea, akazungusha plasta kama anafunga gunia, tabaka juu ya tabaka.

"Mjomba, inabana."

"Ndo kazi yake. Ungetaka inayopwaya ningekufunga kanga."

Uwanjani mambo yakawa mengine. Zuhura alizoea kudidimia kidogo, kisha kuinuka na vidole vya miguu na kuachia mpira. Sasa vifundo viligoma. Magoti yakabeba kazi yote, na mpira ukawa unaishia chini ya pete. Kila akitua, kishindo kinampanda hadi kiunoni.

"Dada, unacheza au unatwanga?" wakamrushia wasichana wa Miteja.

Wakati wa mapumziko kocha, Bi Salima, akamvuta kando. "Mwanangu, Stella anapasha misuli. Ukikosa mpira wa kwanza na wa pili, unampisha."

Zuhura akamtazama mjomba wake, aliyekuwa mstari wa mbele akimweleza kila mtu kwamba plasta ile ni kazi ya mkono wake. Utamwambiaje mkubwa wako, mbele za watu, kwamba kazi yake imekuharibia? Akamwendea, akataka kuchuchumaa kama anavyofanya siku zote akisema na wazee. Visigino vikakataa kukaa chini. Akaenda kinyumenyume, pu! kwenye vumbi.

"Umekunywa nini wewe?"

"Sijanywa, mjomba. Miguu haikunjiki. Ni plasta."

"Plasta yangu? Lete iliyobaki!"

Akajifunga mwenyewe, vilevile, mpaka roli ikakaribia kuisha. Akasimama, akakohoa, akachuchumaa. Kofia ilikwenda kushoto, Abilahi akaenda nyuma. Somanga na Miteja wakacheka pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu barabara ijengwe.

Akalala pale akiangalia mbingu. "Haya," akasema. "Gunia halijawahi kuombwa lichuchumae."

Akabandua zote. Safari hii akauweka mguu wa Zuhura juu ya paja lake, vidole vikitazama juu, akapitisha vipande vichache chini ya kisigino na kuvipandisha pande zote mbili. Mbele akaacha wazi.

"Kunja. Inakwenda?"

"Inakwenda."

Akausukuma upande. "Na huku?"

"Haiendi." Zuhura akauliza polepole, "Na kifundo kikigeuka tena, mjomba?"

"Kikigeuka nitakubeba mgongoni mpaka kwa daktari Masoko. Kisipogeuka utanibeba wewe, maana kiuno changu nimekiacha pale chini."

Zuhura akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Kipindi cha pili, mpira wake wa kwanza ulipita juu ya pete. Nguvu zilikuwa zimerudi zote kwa mkupuo. Stella akasimama. Bi Salima akatazama saa.

Wa pili ulikuja juu. Zuhura akaruka, akatua kwenye kiatu cha beki wa Miteja, kifundo kikainama upande uleule wa mwaka jana. Abilahi, aliyekuwa katikati ya uongo mtamu, akaumeza. Plasta ikakaza. Mguu ukasimama.

Zuhura akavuta pumzi. Akadidimia, vifundo vikakunjika, akainuka na vidole. Mpira ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma.

"Stella mwanangu," akasema Bi Salima, "keti kivulini."